Jina Walilonivua

Walinipeleka hospitali kwa sababu ya masikio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, tunaishi Kalangalala, mgodi wa Geita umefungwa siku nyingi na mume wangu anajitafutia riziki kwa useremala. Mama mkwe ndiye aliyeliona tatizo kabla ya wote: akiniita, sigeuki. Majirani wakiniita bombani, sigeuki. "Masikio yameziba huyu," akasema, akanitia mafuta ya karanga ya uvuguvugu mpaka yakanichuruzika shingoni.

Masikio yangu yalikuwa yanasikia hata panya akitembea darini. Tatizo lilikuwa jina.

Binti yangu wa kwanza alikufa kwa surua kabla hajafikia umri wa kwenda shule. Tangu azaliwe watu wote waliniita Mama Fulani, kwa jina lake, mpaka nikasahau kwamba niliwahi kuitwa vingine. Tulipomaliza matanga wakaliacha. Hakuna aliyewaagiza, kwetu huruma ndiyo hiyo, kidonda hakitoneshwi. Mdogo wake wa kiume alikuwa bado ananyonya, basi wakaanza kuniita kwa jina la huyo. Walifanya kwa upendo, nami nikawachukia wote, kuanzia mama mkwe hadi muuza dagaa.

Aliyeumia hasa ni yule mtoto. Nilimnyonyesha, nikamwogesha, nikambeba mgongoni, lakini jina lake halikunitoka mdomoni. Nilimwita "wewe." Alikuwa ameanza kutambaa, na akitaka kitu alimfuata bibi yake. Niliyaona hayo, na niliogopa kwamba nitampoteza na huyu, akiwa hai.

Daktari wa misheni alichungulia masikio, akaninong'oneza kwa nyuma, nikamjibu. Akatabasamu. Kisha akauliza ninalalaje, nikalia pale pale, kwa hasira. Akanielekeza kwa nesi mmoja wa makamo, mwenyeji wa Tanga, aliyesomea Dodoma kuhudumia wagonjwa wa akili. Jamani! Dodoma kwetu ilikuwa na maana moja tu. "Yaani nimekuwa kichaa?" nikamuuliza mume wangu.

"Si umwone tu," akasema. "Akikufunga kamba, nitakuja kuifungua."

Nesi hakuwa na kamba. Alikuwa na chumba chenye mlango unaofungika, na viti viwili vilivyokaa upande upande ili tusikodoleane macho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Yanayosemwa humu yanabaki humu. Nikuiteje?"

Tangu msiba, kila mtu alikuwa ameniamulia. Huyu aliuliza. Aliuliza, akangoja, wala hakunisaidia kujibu. Mwishowe nikaliepa jibu la watu, nikalitaja jina la binti yangu. Akanikaribisha kwa jina hilo, taratibu, bila kushusha sauti. Nikaitika.

Ikawa kila Alhamisi naenda. Mwanzoni nilimsimulia foleni ya sukari na ubishi wa mama mkwe, akasikiliza kana kwamba ndiyo yaliyotukutanisha. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Hakuniambia nitapata mwingine. Aliuliza binti yangu alipenda kula nini, alichekaje. Nikamwambia aliogopa kuku lakini mbuzi aliwafukuza. Nikasimulia siku ya mwisho, na Alhamisi nyingine nikaisimulia tena, na kila mara niliweza kutaja jambo ambalo mara iliyopita nililiruka. Wanasema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi sikuwa nayaficha, nilikosa tu pa kuyaweka.

Siku moja akauliza, "Ukiitikia jina la mwanao wa kiume, unaogopa nini?"

Nikajibu kabla sijafikiri: "Yule mwingine hatakuwa na mtu."

Akangoja nijisikie mwenyewe. Kisha akasema, "Humu tuko wawili tunaomjua."

Nililia sana, safari hii bila hasira. Namshukuru nesi yule mpaka leo, kwa swali lake na kwa kungoja kwake.

Nilipotoka, mume wangu na mama mkwe walikuwa wakiningoja na mtoto barazani pale hospitali. Mama mkwe akaniita kwa jina la mvulana, kwa mazoea tu, bila matumaini. Nikageuka. Mtoto naye aligeuka, kwa kuwa jina ni lake. Nikamwita kwa hilo jina. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni, kisha akaja kwa miguu yake, akiyumbayumba.

"Mafuta ya karanga hayo!" mama mkwe akapaza sauti. "Wabeja!" Akaishukuru dawa yake kwa Kisukuma, mume wangu akanitazama, tukacheka. Sikumsahihisha.

Njiani nilimbeba mtoto mgongoni. Nikamwita tena kwa jina lake, nikamwambia alikuwa na dada, nikamtajia na jina la dada yake, kwa sauti. Mama mkwe, aliyekuwa ametangulia, akalisikia, akasimama kutungoja.