Kichwa Changu na Ndege wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kichwa changu kilikuwa mali ya umma. Kila mtu pale kijijini Samuye alikuwa na neno juu yake. Mwalimu wa hesabu alisema ni uvivu. Mhudumu wa zahanati alisema ni malaria, akanipa dawa za malaria hata siku kipimo kiliposema sina. Mzee mmoja alimshauri Bibi aninusishe ugoro, na Bibi akaninusisha. Nikapiga chafya mchana kutwa mpaka mbuzi wakanihama. Kichwa hakikuondoka. Kiliongezewa makamasi tu.

Kilianza na mwanga. Kwenye pembe ya jicho la kushoto palitokea kitu kinachometameta kama bati jipya juani, nami nikikifuata kwa macho kinasogea. Halafu upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga. Watu husema mgonjwa hulala. Mimi nilizunguka. Nikikaa, nainuka, nikiinuka, natamani kukaa. Nikienda zizini harufu ya ng'ombe inanitapisha, nikikimbilia jikoni moshi unanitapisha, na uwanjani jua linanisubiri. Hali ile imenibakia. Mpaka leo nakunywa chai nimesimama, na mume wangu ameacha kuniuliza naenda wapi.

Baba na Mama walikuwa Mwakitolyo. Baba alikuwa na sehemu yake kwenye duara, yaani shimo la dhahabu ambalo yeye na wenzake walichimba kwa shirika, na Mama akiwapikia wachimbaji. Mimi niliachwa kijijini kwa Bibi, mzaa baba, ili nisome.

Jirani yetu alikuwa Mayu Nyanjige; mayu kwetu ni mama. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ua wa minyaa tu, ile mimea isiyo na majani ambayo utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalia siku nzima. Alikuwa mjane. Watoto wake walikwenda Kahama wakasahau njia ya kurudi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya Bibi, kama ya wanawake wote waliozeeka wakipikia samadi kavu katika nchi iliyoishiwa kuni. Hilo kila mtu alilijua, na kila mtu alilisahau pale alipotaka kulisahau.

Shule ilitaka vichwa vilivyonyolewa, na mnyoaji wetu alikuwa yeye. Ananibana kichwa katikati ya magoti, analowesha nywele kwa maji na sabuni, na wembe unapita bila mimi kuusikia.

"Kichwa hiki kina kona nyingi," alinitania. "Aliyekifinyanga alikuwa na haraka."

Siku kilipouma, vidole vyake vyenye maji ya baridi ndivyo pekee nilivyovumilia vinishike. Nilimpenda sana mama yule. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu.

Baada ya kunyolewa, Bibi alipita akiokota nywele zangu mpaka ule mmoja ulionasa kwenye ukili wa mkeka, akazichoma. "Nywele hazitupwi," alisema kila mara. "Ndege akizibeba akajengea kiota, kichwa chako hakitatulia mpaka makinda yaruke." Nilimsikia kama mtoto anavyosikia kwamba kupiga mluzi usiku ni kuita nyoka. Yaani nilisikia, nikaendelea na mambo yangu.

Nilipokuwa darasa la nne kichwa kilizidi. Asubuhi moja nilianguka kwenye mstari wa shule, mbele ya wote, nikaamka nimebebwa mgongoni na kiranja. Mtu mmoja akapiga simu Mwakitolyo, na aliyepokea akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia Baba. Habari ilipomfikia nilikuwa nimeshakufa na kufufuka.

Baba alikuja kesho yake kwa pikipiki, vumbi la mawe bado limemganda kwenye nyusi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakitazama kama kwamba alama ingeonekana juu ya ngozi. Kisha akakaa kwenye kigoda, hakutaka hata maji. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nimejifunga kitambaa kipajini.

"Mtoto anachezewa, Mama," alisema. "Wenzangu pale duarani wamenielekeza kwa mfumu mmoja, mganga wa maji. Anakuonyesha mbaya wako kwenye maji. Unamwona na sura yake kabisa."

Bibi alikuwa anapeta mtama. Ungo haukusimama. "Ukishamwona?"

"Nikishamwona, nitajua."

"Utajua nini, Masanja?"

Baba aligeuka akatazama minyaa, na moshi wa jikoni kwa Mayu Nyanjige uliokuwa ukipanda nyuma yake.

"Nani anamnyoa mtoto huyu?" akauliza.

Hapo ungo ulisimama.

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu, niseme. Mwaka uliotangulia, katika kijiji cha ng'ambo ya mto, mtoto aliugua, baba yake akaenda kwa mganga, maji yakaonyesha sura ya kikongwe wa jirani, ambaye macho yake mekundu yalikwisha kuhesabiwa alama ya uchawi. Watu wakaja na mapanga, wakavunja mlango wa yule bibi. Tulikwenda kuzika. Nilikuwa mdogo, lakini hakuna aliyekumbuka kuniziba masikio. Kwa hiyo Baba alipouliza swali lile nilielewa kinachopimwa pale nje. Nilielewa pia kwamba kipimo chenyewe ni kichwa changu.

"Ni ndege," Bibi alisema.

"Nini?"

"Ndege kabeba nywele zake. Aliponyolewa mara ya mwisho nilikuwa na homa, sikuziokota. Kosa ni langu. Kesho tutatafuta kiota."

Baba alikuwa amelelewa katika uwanja uleule, kwa maneno yaleyale. Nilimwona kwenye ufa wa mlango akimtazama mama yake, akitaka kukataa na akishindwa.

"Kesho," alisema hatimaye. "Tusipokipata, naenda kwa mfumu."

Asubuhi nilimkuta Bibi ameinama juu ya karai, anaosha jicho. Lilikuwa limevimba na kufumba, machozi yanamchuruzika. "Vumbi," aliniambia kabla sijauliza. Lakini mkononi, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, alikuwa na matone yaliyokauka na kunata, na mtoto yeyote wa kwetu ameshachapwa vya kutosha kuyatambua. Utomvu wa minyaa haumfuati mtu kitandani. Nilimtazama, naye akanitazama kwa lile jicho moja zima. Kisha akanipa kikombe cha uji, nami nikanywa.

Baba alianza msako kama mtu aliyeibiwa. Alipanda mgunga akachomwa na miiba, akapekua mapaa, akashusha viota na kuvipasua kwa vidole: majani, manyoya, uzi wa gunia, hakuna nywele. Jua lilipanda. Bibi alimfuata nyuma kwa utaratibu, akimwachia achoke. Mimi niliwafuata wote wawili, nikisimama, nikichutama, nikiinuka tena.

Mayu Nyanjige akasikia zogo, akatokeza kichwa upande wake. "Mwangaluka! Mnatafuta nini?"

"Ndege mwizi," alisema Bibi. "Kaiba nywele za mjukuu wako."

"Wee! Huyo ndiye anayetutesea mtoto?" Akachukua fimbo, akaanza kupekua na yeye, huku akitukana ukoo mzima wa ndege. Baba hakumwitikia, wala hakumtazama usoni.

"Masanja," Bibi akasema, "hebu tazama pale chini, penye minyaa minene."

Baba akatenganisha matawi kwa fimbo. Kiota kilikuwapo. Kilikuwa kikuukuu, kijivu, kimebomoka upande, kiota ambacho hakuna ndege mwenye akili angekilalia. Ndani yake palikuwa na kishungi cha nywele nyeusi, safi, hazina vumbi. Hata mimi niliona. Baba aliziona pia, lakini aliona alichohitaji kuona. Aliniita, akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kiota kilichomwa palepale uwanjani. Kaa la moto lililetwa na Mayu Nyanjige kutoka jikoni kwake, kwenye kigae, na yeye ndiye aliyepuliza mpaka kikashika.

Kabla ya kuondoka Baba alisimama kando ya pikipiki. "Na kichwa kikirudi?"

"Hakirudi," alisema Bibi.

"Nikisikia kimerudi, Mama, sitauliza tena kwako."

Bila shaka kilirudi. Ndege alikuwa amechomwa, lakini kichwa hakikuwa na habari. Nilikuwa shambani kwenye mtama, nafukuza kweleakwelea, nikaona ule mwanga kwenye pembe ya jicho. Nilifungua mdomo nimwite Bibi, nikaufunga. Majirani wangesikia, simu ingepigwa, Baba angekwenda kutazama kwenye maji. Nikaendelea kupiga debe kuwafukuza wale ndege, na kila pigo lilikuwa linatua ndani ya fuvu langu. Sijapata kuogopa hivyo tangu siku ile, na nimeishi kwenye machimbo.

Bibi alinijua kwa mwendo. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Kabula, twende tukachambue karanga."

Stoo yetu haikuwa na dirisha. Alinilaza juu ya magunia, akaniwekea kitambaa cha maji usoni, akanibonyeza kwenye panda za uso kwa vidole gumba, pale mshipa unapopiga, taratibu mpaka pumzi yangu ikafuatana na yake. Halafu akatoka, akafunga mlango, akakaa kizingitini na kuanza kuzichambua karanga kweli, ili apitaye aone kazi. Aliyeniulizia aliambiwa, "Yumo ndani, ananisaidia." Mwaka ule watu walidhani tumevuna karanga kuliko kijiji kizima.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Giza, maji, vidole, ukimya. Nililala, nikaamka kichwa kimelegea, nikala matobolwa ya viazi vitamu yaliyopoa. Baba alipopiga simu aliuliza, "Kichwa?" nami nikajibu, "Kimepona, Baba." Mayu Nyanjige aliendelea kuninyoa na kutania kona zake. Sijui kama alijua. Nadhani alijua, maana ilifika wakati akaacha kuniuliza kama bado naumwa.

Siku moja, nikiwa chini ya kitambaa, nilimuuliza Bibi, "Yule ndege alikuwa kweli?"

Aligeuza kitambaa upande wa baridi.

"Ndege hana mlango wa kuvunjwa, ng'wanone," alisema. "Sasa nyamaza, usikiamshe kichwa."

Leo naishi Geita, nashona nguo mtaa ambao karasha zinasaga mawe tangu alfajiri. Daktari ameniambia ugonjwa wangu unaitwa kipandauso. Amenipa vidonge, nimeze mara nionapo ule mwanga, nisingoje maumivu. Amenionya nisikae na njaa, nisikose usingizi, na kikianza nijifungie gizani penye utulivu. Nilimsikiliza nikicheka moyoni, kwa kuwa nusu ya dawa yake nilipewa juu ya magunia. Vidonge vinanisaidia, na sioni aibu kusema kwamba vinashinda vidole vya Bibi. Nywele zangu za kwenye kitana bado nazichoma, na yeyote anayetaka kunicheka anicheke.

Nikisimulia haya watu husema, "Bibi yako alikuwa na hekima." Nakubali, halafu nakasirika. Kwa nini mtoto wa darasa la nne abane meno ili jirani yake aone asubuhi? Nawakasirikia waganga wa maji na wale wa duarani waliomwelekeza Baba. Baba mwenyewe namkasirikia kidogo tu. Alikuwa na mtoto mmoja, na alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu akipewa sura ya kuichukia hupumua. Bibi alimpa ya ndege.

Bibi alitangulia kufa. Mayu Nyanjige alimfuata baada ya miaka mingi, mwaka jana, kwa uzee na kifua, kitandani kwake. Nilisafiri kwenda kuzika. Barabara, jua na kukosa usingizi vilifanya kazi yake, na tulipofika makaburini mwanga ulikuwa umeshaanza, na vidonge nilikuwa nimevisahau Geita. Baba, ambaye sasa ni mzee na hachimbi tena dhahabu, alishika jembe pamoja na vijana mpaka wakamnyang'anya. Alikuja kusimama kando yangu akihema, akifuta macho bila kujificha.

"Alikuwa mtu mwema," alisema. Kisha akanigeukia, "Kile kichwa chako. Hakijarudi tena, eti?"

Nilifikiri sasa naweza kumwambia. Yule wa kulindwa tumeshamfukia. Nikainua macho. Mbele yetu, kwenye mikeka, walikaa wanawake wazee wa kijiji, khanga mabegani, macho yao mekundu kwa moshi na kwa kulia. Upande mzima wa kichwa changu ulikuwa unagonga.

"Hakijarudi, Baba," nilisema.