Ukungu Ambao Haukupakwa Rangi

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ya Kimulot. Janeffer Chelimo anajitwika kapu mgongoni, anaingia katikati ya mistari, kisha anasimama. Hatazami majani. Anatazama mahali ambapo kilima kinapotelea katika weupe.

"Nimechuma hapa miaka hii yote," anasema kwa sauti ndogo, "na sikuwa nimeuona."

Mama huyu hulipwa kwa kilo. Akitoka shambani huchora vibao vya maduka, na mwezi huu amekuwa akichora ukuta wa darasa jipya la chekechea anakosoma bintiye, Shirley. Alitaka watoto wakute shamba lao ukutani. Wachumaji walitoka vizuri, hata aproni zao za plastiki. Ukungu ndio uliomshinda. Aliupaka kwa rangi nyeupe, akaongeza, akaongeza tena.

Shirley alikuja kutazama. "Mama, nani amechoma chai ya watu?"

Mwalimu Johana alicheka hadi akatoa leso. Kisha akamweleza Janeffer kwa upole kwamba wazazi wangefika Jumamosi; mchoro usiporekebishika, ukuta ungepakwa rangi ya krimu, basi.

Jioni hiyo Janeffer alifungua sanduku la marehemu mama yake, akatoa kitabu cha hadithi alichokuwa akisomewa utotoni. Zamani alikuwa akikimbilia ukurasa wa kuku aliyevaa kofia. Safari hii alikwama kwenye picha ya kilima, ambayo hakuwahi kuijali. Ilikuwa na ukungu wa kweli, wa kumfanya mtu afikiche viganja. Akaisogeza dirishani kutafuta ile rangi nyeupe. Haikuwapo. Mistari ya chai ilififia kidogo kidogo, halafu mchoraji akainua mkono, akaiacha karatasi wazi.

"Niliketi tu," anasema. "Huyu mtu alijuaje mahali pa kuachia? Na sisi tulikuwa watoto. Angetuchorea vibaya na hatungejua."

Ndani ya jalada, kwa herufi ndogo ambazo hakuwa amewahi kuzisoma, palikuwa na jina la mchoraji: Phyllis Wamuyu.

Kesho yake alikwangua moshi wake wote mpaka chokaa ya ukuta ikatokea. Akachora mistari upya, hafifu, hafifu zaidi, kisha akajilazimisha kuweka brashi chini.

Shirley alisimama mbele ya ukuta, akafunga vifungo vya sweta, akaenda kucheza. Mwalimu Johana aliinua mkebe wa krimu, akaurudisha stoo. "Mama Shirley," alisema akipita, "sasa umetuletea baridi mpaka darasani."

Janeffer amesikia kwamba Wamuyu yu hai, ni mzee sana, na anaishi kwa mwanawe huko mjini Mulot. Anapanga kumfuata shule zikifungwa, amlete auone ukuta.

"Sitamwambia kitu," anasema, akiinamia majani. "Nitamwekea kiti pale mbele, nione kama atavuta shali."