Betri ya Mashine ya Mtumba

Vidole vya fundi yule vilisikia kutu ikitafuna bati la jirani. Lakini siku ya kufunga mashine ya mtumba, inayochonga chuma kwa kompyuta, vilipata mtihani. Betri ilibidi ibadilishwe mashine ikiwaka, la sivyo kumbukumbu yote ingefutika, lichuma lile libaki kitagio cha kuku. Akachomoa betri kuukuu, skrubu tatu kaziuma kwa meno. Dada yake, aliyezoea kuzima umeme kabla mtu hajagusa nyaya, akanyoosha mkono kwenye swichi.

“Usizime!” Skrubu mbili zikaruka, ya tatu akaimeza.

“Utakufa na umeme, mdogo wangu!”

“Nife, ila usizime!” Akapachika betri mpya. Namba zikabaki kwenye kioo. “Haya, dada, sasa zima.”

“Zima mwenyewe,” dada akajibu, mikono kaificha mgongoni.