Siku Mkaguzi Alipohesabu Vidonge

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dawa hata moja. Nilifika kwenye famasi ile ya Lushoto mjini saa moja na nusu asubuhi, nimevaa koti jeupe nililoshonewa na shangazi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na wateja walitokea mlangoni ghafla, kwanza kikohozi, kisha mtu. Mfamasia Msimamizi, yaani mwenye dhamana ya kila kidonge kinachotoka pale, alikuwa mzee mrefu wa Pangani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye cheti cha daktari alichokuwa akisoma.

"Eliwaza," akasema baadaye, "leo kaa hapo dirishani usikilize tu. Ukijua kusikiliza, dawa nitakufundisha."

Nikasikiliza. Mabibi wa vijiji vya juu walisema "onga maundo", salamu yetu ya asubuhi, kisha wakaeleza maradhi yao kwa Kishambaa, na Mfamasia akawa ananitazama mimi, maana lugha ile haikumkaa. Hivyo nilikuwa mkalimani wake kabla sijawa chochote kingine. Mpaka leo nikifumba macho nasikia zile sauti za taratibu, na harufu ya moshi wa mikaratusi kwenye mashuka yao ya kujifunika.

Wakati huo dawa nyingi zilikuja kwenye makopo ya vidonge elfu moja. Tulivimimina vidonge kwenye trei, tukavihesabu vitano vitano kwa kijiti bapa cha chuma, tukavitia kwenye bahasha ndogo za karatasi na kuandika 1x3, maana yake kimoja mara tatu kwa siku. Kabati lenye kufuli lilikuwa la dawa zinazodhibitiwa. Kila kidonge kilichotoka humo kiliandikwa kwenye rejesta: jina la mgonjwa, idadi iliyotolewa, idadi iliyobaki. Mfamasia hakupenda papara. Alisoma jina la dawa akilishika kopo, akalisoma tena akimimina, akalisoma mara ya tatu akilirudisha. Nilimwona kama mtu anayesali.

Baada ya miaka minne akanipeleka kwenye tawi letu karibu na Mponde, kwenye mashamba ya chai. Lilikuwa duka la chumba kimoja, nami nilikuwa peke yangu. Wateja wangu walikuwa wakulima wadogo wa hapo na vibarua waliotoka mbali, Singida, Songea, Tukuyu, watu wa dini zote, wengi wakiwa na vifua vilivyosumbuliwa na baridi. Mmoja wao alikuwa Mama Atu, mchuma chai wa Tukuyu, mwenye pumu ya miaka mingi. Alikuwa na mlio kifuani kama filimbi iliyo mbali, na kila alipokuja aliniuliza habari za nyumbani kwanza, hata kama pumzi haikumtosha.

Asubuhi moja alikuja na cheti cha dawa yake ya pumu, vidonge thelathini. Kabla yake nilikuwa nimemhudumia mgonjwa wa kifafa, na kopo la dawa ya kifafa, dawa ya kudhibitiwa, nilikuwa nimelisahau mezani badala ya kulirudisha kabatini. Makopo yote mawili, hilo na la dawa ya pumu, yalitoka kiwanda kimoja, yana lebo nyeupe, na vidonge vya ndani ni vidogo na vyeupe vilevile. Nilihesabu, nikaandika 1x3, nikamkabidhi. Akanishukuru, akaingia kwenye ukungu.

Hazikupita saa tatu, Mkaguzi wa Dawa wa Mkoa akasimamisha gari nje. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho. Aliangalia leseni ukutani, akapima joto la chumba, akageuza makopo kuangalia tarehe za mwisho wa matumizi. Kisha akafungua rejesta na kumimina vidonge vya kifafa kwenye trei. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Rejesta inasema mia nne na kumi na mbili," akasema. "Mimi nina mia tatu themanini na mbili. Thelathini viko wapi?"

Nilijua papo hapo. Na papo hapo uongo ukanijia mdomoni, umekamilika kabisa: vilimwagika, nikavitupa. Hakuna ambaye angenibishia. Leseni ingebaki ukutani, nami ningebaki na kazi yangu. Lakini nilikisikia kile kifua cha Mama Atu, na nikakumbuka nilivyofundishwa kuhusu dawa ile: hulaza, na hupunguza nguvu ya kupumua.

"Nimempa mgonjwa wa pumu," nikasema. "Leo asubuhi. Nimekosea kopo."

Mkaguzi hakunifokea. Alifunga rejesta. "Anafanya kazi wapi? Twende."

Tulipofika kwenye mashamba hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na wachumaji walikuwa sauti tu, kicheko hapa, wimbo kule. Nikaita, "Mama Atu eee!" Mwanamke nisiyemwona akalipokea jina, akalipeleka mstari wa pili, naye wa huko akalipeleka mbele zaidi. Jina likawa linasafiri mlimani, likififia, likaenda mahali ambapo hata sikulisikia tena. Tulisimama tu tukingoja. Sijui ni dakika ngapi. Kwangu hazijaisha sawasawa.

Kisha jibu likaanza kurudi, mdomo kwa mdomo: "Yuko huku! Amelala!"

Tulikimbia kwa kufuata sauti. Alikuwa ameegemea kikapu chake, majani bado yako mkononi, na wenzake walikuwa wamemfunika khanga wakidhani amechoka. Vidonge viwili vilikuwa vimetoka kwenye bahasha, cha pili pengine kwa kuwa cha kwanza hakikumpa nafuu. Alipumua polepole, kwa mlio mwembamba, na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mkaguzi alimshika miguu, mimi mabega, tukambeba mpaka kwenye gari, na gari likatupeleka hospitali.

Walimwekea oksijeni na dawa ya mshipani. Jioni alifumbua macho, akanikuta kando ya kitanda.

"Nilisikia mnaniita," akasema. "Nikadhani naota."

"Mama, ni mimi niliyekosea. Nilikupa dawa isiyo yako."

Aliitazama dari. Kisha akauliza, "Sasa yangu iko wapi?"

Nilikwenda kuileta. Mkaguzi mwenyewe aliisoma lebo kabla sijampa.

Tawi lilifungwa kwa wiki kadhaa, mpaka kabati na meza ya kutolea dawa vikapangwa upya. Mimi nilizuiwa kutoa dawa kwa miezi sita. Niliporudi Lushoto, Mfamasia alikuwa na nakala ya maelezo niliyomwandikia Mkaguzi mbele yake.

"Umeandika yote?"

"Yote, mzee."

"Hata kulisahau kopo mezani?"

"Hata hilo."

Akavua miwani, akaifuta. "Basi kesho njoo saa mbili kamili. Utakaa stoo mpaka nitakapokuambia."

Nilikaa stoo, kisha nikarudi dirishani, na kwa miaka iliyobaki niliwafundisha wengi. Kila mmoja nilimweleza habari ya Mama Atu, bila kuficha jina la mkosaji. Mama Atu mwenyewe alichuma chai kwa misimu mingine mingi, kisha akarudi kwao Tukuyu.

Sasa nimestaafu, ninaishi juu ya njia ya Kifungilo. Asubuhi nakaa barazani na chai, nakitazama kijiji kikitoweka na kurudi. Kosa lile lilionekana kwa sababu mkaguzi alikuja siku ileile. Kama kuna mengine, yaliondoka mkononi mwangu yameandikwa vizuri, na hakuna aliyeyahesabu. Hilo sitalijua kamwe. Kwa hiyo ukungu unapopita na nyuso zao zikanijia, wale wote niliowakabidhi bahasha na kuwaambia wapone haraka, huwa namwamkia kila mmoja, na kumuuliza anaendeleaje.