Daktari wa Nyuzi Nyeupe

Daktari wetu wa watoto pale Mwanza hakugusa kichwa cha mtoto kabla ya kusugua viganja vyake mpaka vipate joto. Alikuwa Mhaya mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila alipopita wodini alikwaruza nyayo za watoto taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, huku akiwatazama usoni. Sisi wauguzi tulijua anachotafuta: kama miguu bado inapokea amri za ubongo. Maji yakijaa kichwani, alituambia, hubana nyuzi nyeupe za ubongo, na zile zinazopeleka amri miguuni huumia mapema. Zilizokufa hazirudi. Na zilizobanwa tu, je? Swali hilo lilimnyima raha.

Mwaka watu walipohamia vijiji vya ujamaa, Tereza alimleta mwanawe Shimba kutoka Magu, miguu imekakamaa. Daktari alimpasua, akamwekea mpira mwembamba wa kuteremshia maji kutoka kichwani hadi tumboni. Waliporudi baada ya mavuno ya pamba, nilimsimamisha Shimba mezani nikimshika makwapani, na daktari akamkwaruza unyayo. Mtoto akacheka, akaukunja mguu, kisha kwa mguu huohuo akausukuma mkono wa daktari kwa nguvu.

“Amenisukuma!” Daktari alipiga kelele hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakachungulia. “Sista, umeona? Amenisukuma mwenyewe!”

“Kwa hiyo atatembea, daktari?” Tereza aliuliza, kanga mdomoni.

“Sijui bado, mama. Lakini njia haijafa.”

 Daktari akainama tena, akaushika mguu wa pili.