Gari la Karatasi la Laoban

Harufu ya gundi ya unga wa ngano hunichefua mpaka leo. Watu wakianza kubandika matangazo karibu na duka langu, mimi hutoka nje. Gundi hiyo hunirudisha Guangzhou, miaka ya tisini inapokaribia kwisha, nina umri wa miaka tisa, nimeshika mkia wa shati la baba nisije nikapotea kwenye vichochoro vya Kangle, ambako vyerehani vililia kutwa na vipande vya vitambaa vilitapakaa mpaka mlangoni kwa watu.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba alikataa kuniacha Unguja. "Ukipata shule utakaa na mimi," aliniambia. "Ukikosa, mwanangu, utarudi kwa shangazi yako." Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga na mzito wa kupakua. Kila nilipolala niliomba shule, na nilipoamka nikaomba tena.

Ufunguo wa shule hiyo alikuwa nao mtu mmoja: laoban, yaani bosi wa karakana ambako baba alishonesha mashati yake ya kupeleka nyumbani. Mkewe alijuana na mwalimu mkuu, na laoban alishaahidi mbele yetu kwamba atanisemea. Alimpenda baba kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa gari.

Kabla ya biashara baba alikuwa fundi magari, na baada ya mama, hakupenda kitu duniani kama gari moja la kifahari la Kiingereza, refu, la chini, la milango minne. Laoban alikuwa nalo jipya, limevushwa kutoka Hong Kong, usukani kulia kama ya kwetu. Baba alipoliona mara ya kwanza alivua kofia. Alinisomesha ukoo wake kuliko alivyonisomesha wa kwetu. La mwanzo lilikuwa na taa nne za duara na bampa za kung'aa. Baadaye waliolitengeneza wakaingiwa na wazimu, wakaliwekea taa za mraba, na wapenzi wake wakanuna. Wakaona aibu, wakazirudisha za duara, na bampa sasa wakazipaka rangi ya gari. Hili la laoban lilikuwa la mwisho kutoka: kwa nje limefanana na kaka yake, lakini injini ni nyingine kabisa, silinda nane. Baba alieleza haya huku akipapasa mbao za dashibodi, laoban akicheka kwa raha, na katikati yao amesimama Ami Sudi, akitafsiri.

Ami Sudi hakuwa ami wa damu. Alikulia mtaa mmoja na baba, akatangulia China, akakijua Kichina. Alikuwa na meza yake jengo la Tianxiu, na mkate wake ulikuwa ulimi wake: kila mfanyabiashara wa kwetu asiyejua lugha alimlipa ili asemewe. Alikuwa mcheshi, nami nilimpenda.

Ikafika siku mama yake laoban anatimiza miaka themanini, tukaalikwa. Baba alihangaika kutafuta zawadi.

"Yakhe, tulia," Ami Sudi akamwambia. "Mpelekee laoban gari lake lenyewe, la karatasi, kazi ya mkono. Tena likabidhi kwa mamake. Gift kama hiyo hawaisahau."

Akatupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akipasua mianzi sakafuni na kuivika karatasi za rangi, na duka zima likinuka gundi ile. Baba akaeleza taa, akaeleza matairi, akachora kwa kidole hewani. Mzee akauliza kitu kwa sauti ya chini. "Anauliza kama mwenyewe ni mtu wa heshima," Ami Sudi akatafsiri. "Heshima kubwa sana!" baba akajibu. Mzee akanitazama kwa huruma, akanipa pipi. Nikaila, tamu kweli.

Siku ya sherehe baba alivaa kanzu na koti. Bibi kizee alikaa meza kuu, amevaa nyekundu tupu. Baba akalibeba gari kwa mikono miwili, akainama, akaliweka mbele yake. Bibi akalitazama lile gari, kisha akanitazama mimi, nami nikamchekea. Mkewe laoban akalinyakua, akalitupa chini, akalikanyaga mpaka mianzi ikalia. Laoban akapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka.

"Anasemaje, Sudi? Anasemaje?"

Ami Sudi aliinamisha kichwa. "Anasema umemdharau, yakhe. Umemletea modeli ya zamani. Tazama bampa."

Kweli, yule mzee alizifanya bampa kwa karatasi ya fedha. Baba akajipiga paji la uso. "Lahaula! Bampa!" Akapiga magoti katikati ya viatu vya wageni, akawa anaokota vipande na kuomba radhi kwa Kiswahili.

Kesho yake alikwenda karakana peke yake. Laoban alimjibu kutoka dirishani neno moja, "Meiyou," ambalo hata baba hakuhitaji kutafsiriwa: hakuna. Hakuna mashati, hakuna shule. Wiki haikuisha nikapakiwa ndege, na mkoba wangu alinibebea Ami Sudi mpaka uwanjani.

Ya kwa shangazi sitayasimulia yote. Nilifika darasa la saba na makovu yangu, basi. Baba nilimwona mara chache kwa miaka mingi, na kila alipokuja alinieleza upya kosa lake la bampa.

Nilirudi Guangzhou mtu mzima, kununua nguo soko la Shahe, na Kichina nikakiokota ukubwani kwa shida. Siku moja nikaona familia inachoma nyumba ya karatasi, na pembeni yake gari la karatasi. Nikamwuliza binti wa dukani. Ni vya marehemu, akanijibu, avitumie huko alikokwenda. Nikakaa juu ya robota la nguo.

Mwanzo nilidhani Ami Sudi alimfanyia baba mzaha mchafu. Ndipo nikajiuliza ni nani aliyekuwa aingie shule ile. Mtoto wa miaka tisa, akae darasani na Wachina mwaka mmoja tu, na baba angekuwa na ulimi wake mwenyewe nyumbani, bila ya kulipa. Kumbe hakumlenga baba. Alinilenga mimi.

Sijamwambia baba. Amezeeka, na rafiki aliyebaki ni huyo huyo. Kila Idi Ami Sudi huja kwetu, na baba humchagulia minofu kwa mkono wake. Idi iliyopita alishiba, akajinyoosha, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu binti alikuwa na kichwa, yakhe. Angesoma kule, leo angekuwa anatusemea sote."

"Ni kweli," baba akajibu, akainamia sahani yake. "Kosa lilikuwa langu."