Sauti ya Mwiko

Mimi ndiye niliyemwambia yule binti aende jikoni. Nalisema hili mapema kwa sababu siku zote nikiisimulia habari hii namtupia lawama shefu wangu, mkuu wa habari pale redioni, na shefu siku hiyo hakukanyaga Ndosho, mtaani kwao binti.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mshonaji, na alicheza mpira wa mtandaoni kwenye simu. Si kucheza kwa kupoteza muda, hapana. Alikuwa amewafunga vijana wa Goma, wa Bukavu na wa Kigali, watu ambao hakuwahi kuwaona kwa macho. Timu moja ya mjini ikamtaka acheze nayo kwenye mashindano, Jumamosi nne mfululizo, ukumbini, yeye peke yake kati ya wanaume. Baba yake, muzee wa Butembo anayefanya biashara ya maharagwe kutoka mji wa Kiwanja, alikataa katakata. Aliposikia redio inakuja nyumbani kumhoji binti, akalegea. Kwa muzee yule, kitu kikisemwa redioni kimekwisha kuwa kweli.

"Nitasikiliza," alimwambia binti yake mbele yangu. "Redio ikisema ni kazi ya maana, utaenda. Ikisema ni ujinga, utarudi ku mashini yako ya kushona."

Binti akanigeukia kama dada yake mkubwa. "Yaya, umesikia mwenyewe. Niko mu mikono yako."

Nikacheka, nikamwambia atulie, redio ni ya kwetu sisi wanawake pia. Maneno matamu sikosi.

Tuliongea karibu saa nzima. Alinieleza kwamba dakika tano za kwanza anamwachia mpinzani mpira kusudi, amwone anapenda kupitia upande gani, kisha anamzibia upande ule mpaka mtu anachanganyikiwa. Alinieleza kwamba anacheza kwa jina la kiume, kwa sababu siku moja walipogundua ni msichana, mmoja alimwandikia aende kuosha vyungu. Aliyasema hayo akizungusha simu kwenye kiganja, bila kunitazama. Reportaji ilikuwa tayari. Mtu mwenye akili timamu angezima mikro, akaaga.

Lakini mimi nilikuwa nimeona jinsi wenzetu wa televisheni na wa mitandao wanavyowaonyesha wanawake wa michezo hii. Wanaanza na midomo iliyopakwa rangi, wanafuatisha kucha, wanauliza mchumba anasemaje. Mchezo wenyewe unapewa sentensi moja mwishoni, kama mgeni aliyechelewa. Nami, mjinga mkubwa, nikaona huo ndio ufundi. Nikamuuliza habari za kucha. Nikamuuliza habari za mchumba. Halafu nikamwambia, "Mudogo yangu, nenda usonge bugari kidogo, nipate sauti."

Redio inataka sauti, tumefundishwa hivyo: ukienda sokoni, rudi na kelele za soko. Lakini cherehani yake ilikuwa pale pale. Vidole vyake vilikuwa vinagonga kioo cha simu, tap tap tap, mbele ya mikro yangu.

"Bugari, yaya? Saa hii?"

"Kidogo tu."

Akaenda, akawasha makaa, akausonga ugali. Nami nilisimama mlangoni nikirekodi, mimi ambaye mwaka wangu wa kwanza pale redioni kila mgeni wa studio alinituma chai.

Siku ya kutangazwa reportaji ile, mama yake alinialika. Huku kwetu, mtu wa nyumba akipita redioni, jirani wote wanaitwa. Benchi za shirika la parokia ziliazimwa zikapangwa uani, redio ikawekwa juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Muzee alivaa koti. Wakaniketisha karibu naye, pa heshima, mahali ambapo sikuweza kutoroka.

Ilianza na mwiko. Kwap, kwap, kwap. Kisha sauti yangu: "Huyu dada anafunga magoli kwenye simu. Je, jikoni nako anafunga?" Benchi zote ziliangua kicheko. Zikaja kucha. Akaja mchumba. Dakika tano za kwanza hazikuwamo, jina la kiume halikuwamo, vyungu havikuwamo. Nilikuwa nimevikata kwa mkono wangu, nikisema ni vizito kwa wasikilizaji. Nikamaliza kwa kumtakia mume mvumilivu. Ee Mungu wangu, mume mvumilivu! Nilikazia macho mawe meusi ya ua ule, nikitamani niwe mahali pengine popote.

Muzee alizima redio. Hakukasirika. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Aksanti sana, mama. Umesema vizuri. Mimi nilikuwa namwambia hivyo hivyo, hakuwa ananisikia."

Pale ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Muzee, nimekosea, binti yako aliniambia mengine. Maneno machache tu. Binti akaleta maji, akaninawisha mimi kwanza, mgeni, kisha akaniwekea sahani. Nikala.

Baada ya wiki tatu nilirudi na mikro, nikitaka kurekodi upya, safari hii mchezo wenyewe. Timu ilikuwa imekwisha kuchukua mwingine. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani, simu imezimwa juu ya rafu, pamoja na mafungu ya nyuzi. Nikamweleza nilichotaka, nikamwomba msamaha pia, kwa haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mguu wake ukiendelea kukanyaga.

"Hakuna shida, yaya," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Uniambie tu: leo nisonge, ao nifagie?"